Geji Badala ya Paja la Nguruwe

Wulvergavere,
Jumanne, 26 Septemba

Kwa Bwana Gentiel Baeckelandt,
Mwenyekiti, Klabu ya Baiskeli ya Wulvergavere,
Buchani, mkabala na kanisa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: GEJI YA UPEPO MLIYOMPA BINTI YANGU JORINDE, NA MADHARA YAKE KWA JAMII

Kichwa hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa kusoma juu juu (tulikaa dawati moja miaka sita, nakujua), nitaeleza polepole na kwa namba. Naandika kwa mkono, kwa wino, na kwa adabu yote niliyobaki nayo. Mke wangu Rosanne amesoma ukurasa huu wa kwanza akasema, "Odiel, huyu mtu atakuuzia soseji za juzi mpaka ufe." Nimemwambia niko tayari.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu paja lenyewe.

Tangu marehemu baba yako alipokuwa mwenyekiti, bingwa wa klabu hii katika mbio za matopeni hupewa paja zima la nguruwe lililokaushwa, lenye utepe wa rangi za klabu. Mimi nililipata mara mbili, ujana wangu. Lilining'inia jikoni kwetu hadi Pasaka, na kila mgeni aliyeingia alijua amefika nyumba ya nani. Februari mwaka huu, kwenye karamu ya kufunga msimu, Jorinde alitangazwa bingwa kwa pointi, ingawa alikuwa ametoka kukaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Rosanne alikuwa amekwisha kununua haradali. Mimi nilikuwa nimekwisha kupigilia msumari mpya kwenye boriti.

Ukapanda jukwaani, Bwana Mwenyekiti, ukamkabidhi kiboksi. Ndani ya kiboksi mna geji ya kupimia upepo wa tairi. Kidude chepesi kuliko yai, chenye kioo kidogo kama cha saa ya mtoto, kinachokula betri na kisicholika chenyewe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekaa meza ya mbele, lakini nilipiga kwa shida.

Mweka hazina wenu anasambaza maneno kwamba eti Jorinde mwenyewe ndiye aliyeiomba, kwamba alikuja buchani Januari akasema hataki paja. Huo ni uzushi. Mtoto wangu hawezi kukataa nyama nyuma ya mgongo wangu.

2. Kuhusu kidole gumba changu cha mkono wa kulia.

Sipendi kujisifu, kwa hiyo nitataja mambo ya kweli tu. Nimekuwa mwokaji mikate wa kijiji hiki miaka thelathini na minane. Unga ulioumuka haupimwi kwa mashine. Unabonyezwa, unaachwa urudi, na namna unavyorudi ndiyo inayokuambia kama tanuri lisubiri. Tairi ni hivyo hivyo. Ukilitia upepo mwingi, linateleza kwenye matope kama sabuni bafuni. Ukilitia kidogo mno, linagonga mzizi na rimu inapasuka. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi nyembamba, na nafasi hiyo kidole hiki kiliijua kabla wewe hujajua kukata mbavu.

Unajua utaratibu wangu. Nabonyeza gurudumu la mbele mara mbili, la nyuma mara moja, nanyamaza kidogo, halafu nasema neno moja: "toa", au "weka", au "nenda". Watu walikuwa wakipanga foleni kwenye trela letu kabla ya mbio. Aliwahi kuja Mholanzi kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mzima na heshima zake, akasimama na baiskeli yake kama anayesubiri daktari. Nikabonyeza, nikasema "toa". Alishika nafasi ya nne, na wiki iliyofuata akaniletea jibini kubwa kama ngoma. Sasa nasimama pale peke yangu. Msimu uliopita, mara ya mwisho, aliyenijia ni mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, naye alitaka tu kujua choo kiko wapi.

Nikumbushe pia kwamba kidole hiki kimeitumikia klabu hata nje ya baiskeli. Novemba ya mwaka juzi, usiku ule wa chipsi na mchuzi wa nyama na bia, mwenye zamu ya kukaanga alipolewa, nani alishika kikaango? Nani alishika chujio la chuma lililokuwa limelala ndani ya mafuta, kwa mkono mtupu, kwa sababu klabu haina hata glavu moja? Sikuomba bandeji. Nilikaanga mpaka kiazi cha mwisho. Nalitaja hili kama historia tu. Halihusiani na mengine.

3. Kuhusu hali ya nyumba yangu.

Mimi si adui wa vipimo. Kuanzia Agosti, kama ulivyokuwa utaratibu wetu miaka kumi na saba, nyumba yetu ni karakana, na hakuna anayelalamika isipokuwa wanaoishi humo. Jorinde ana baiskeli mbili, maana mashindanoni moja inakimbia huku nyingine inaoshwa, na lazima zifanane kama mapacha, la sivyo mgongo wake utaijua tofauti kila anapobadilisha. Kwa hiyo nilipima urefu wa kiti kwa rula ya chuma, nikapima tena, nikamwita Rosanne aje apime. Nilibadilisha breki. Nilifumua beringi zote nikazijaza grisi. Fremu nilizisugua kwa dawa ya kung'arishia makabati ya Rosanne, matope yasishike. Yeye anasema hajaona kabati likikimbia matopeni. Nikamwambia asubiri Jumapili.

Tairi nazo zilibandikwa kwa gundi, tabaka tatu kwenye rimu na mbili kwenye tairi, kila tabaka likipewa siku nzima likauke. Gundi nilipima kwa mizani ya jikoni. Magurudumu manane yalikaushwa chumba cha wageni, ambako mama mkwe wangu Zulma, mwenye umri wa miaka themanini na minane, amekuja kukaa kwetu. Zulma ni mwanamke wa heshima na hakusema neno, ila asubuhi moja alitoka akasema, "Nimelala na wanaume wanane weusi wa duara, hakuna hata mmoja aliyekoroma. Marehemu mume wangu angejifunza."

Kwa hiyo usinishike hapo, useme Odiel hapendi kupima. Urefu unapimwa kwa sababu urefu hauna hisia. Uzito unapimwa kwa sababu uzito hauna aibu. Upepo ni kitu kingine kabisa. Upepo unasikilizwa.

Sasa sikia alichofanya Jorinde. Yeye, kama unavyojua, kazi yake ni kupima maziwa kiwandani, kama yana maji, kama yana vijidudu, siku nzima namba. Amechukua hiyo tabia akaileta gereji. Ametengeneza jedwali: matope mazito, hivi, mchanga, hivi, nyasi zenye umande, hivi, ardhi iliyoganda, hivi. Amelibandika ukutani, na ili apate nafasi, ameondoa kalenda ya bucha lako, ile yenye picha ya nyama ya mgongo. Kalenda hiyo sasa iko chini ya debe la grisi. Sikutaka kukuambia, lakini mtu anapaswa kujua.

4. Kuhusu ugonjwa huu kuenea.

Mambo haya hayaishii kwenye tairi. Rosanne, ambaye miaka arobaini na moja amepika mchuzi kwa kuonja, sasa amenunua kipimajoto cha nyama. Zulma anataka kahawa yake ipimwe, maana eti jana ilikuwa ya uvuguvugu na hana uthibitisho. Juzi niliambiwa nisimame kwenye mizani, nikasimama, na tangu hapo siagi imehamishwa rafu ya juu. Mwaka kesho tutapewa kidude cha kupiga kelele badala yetu pale kwenye uzio, na kingine cha kutunywea bia, nasi tutabaki nyumbani kusoma matokeo. Naona unacheka. Mimi pia nilicheka Februari.

5. Kuhusu amri ya binti yangu.

Hapa ndipo jambo linaponikaa kooni, Gentiel, na naomba uache kisu usome vizuri.

Mwezi Agosti, mezani, mbele ya mama yake na bibi yake, Jorinde aliweka uma chini akasema, "Baba, msimu huu hakuna gurudumu linaloingia uwanjani bila kupimwa kwa geji. Ukikataa, binamu Wannes atasimama pale badala yako."

Nikamwuliza kama kidole changu hakimtoshi.

Akasema, "Sikatai kidole. Nataka namba."

Wannes ni mtoto wa dada yangu, ana miaka thelathini na mbili, anauza madirisha ya plastiki. Hana ubaya. Lakini anaosha baiskeli kama mtu anayemwagilia maua. Na Rosanne, ambaye nilitarajia ataniunga mkono, akaongeza mchuzi kwenye sahani yangu akasema, "Kidole chako kimestaafu pamoja na wewe, Odiel. Kiache kipumzike."

Nimesimama kwenye uwanja wa kubadilishia baiskeli tangu Jorinde ana miaka tisa. Anafika amejaa matope mpaka kwenye meno, anaruka, naikamata ile chafu kwa mkono mmoja, nampa safi kwa mkono mwingine, ameondoka. Hatusemezani. Halafu nina dakika nne: nakimbilia foleni ya pampu ya maji, napuliza matope kwenye gia, nafuta cheni, natia oili, nabonyeza tairi, narudi mahali pangu, na yeye huyo anakuja tena. Katika wiki nzima hizo ndizo sekunde tatu ambazo mtoto wangu ananihitaji mimi na si mwingine. Siku nyingine ana kazi yake, ana nyumba yake mjini, ananipigia simu Jumatano kuuliza kama nimemeza dawa za presha. Sitaki kusimama nyuma ya uzio na glasi ya bia kama mtalii. Nimelisema waziwazi ili usije ukadhani ugomvi wangu ni nyama.

6. Kuhusu jaribio la tarehe tisa Septemba.

Ili kumaliza ubishi, nilipendekeza mtihani wa haki. Jumamosi tarehe tisa, saa nane mchana, gerejini kwetu, mashahidi wakiwa Rosanne, Wannes na Zulma, ambaye aliletewa kiti. Nilikuwa nimeingia humo peke yangu nusu saa kabla, kufagia. Magurudumu matano yalisimamishwa ukutani, kila moja na upepo wake tofauti. Nikafumba macho. Nikabonyeza la kwanza, nikasema, "Moja nukta saba." Jorinde akaweka geji: moja nukta saba. La pili, moja nukta nne. Geji, moja nukta nne. Yote matano, Bwana Mwenyekiti. Matano kwa matano, macho nimefumba, bila kukosea hata nukta.

Wannes alibaki mdomo wazi. Zulma alipiga makofi akauliza kama naweza kumtajia na presha yake ya damu. Rosanne alinitazama, akalitazama fagio, akaenda kupika kahawa. Jorinde alinitazama tu, na mimi nilijua hiyo ni heshima. Kisha akasema kwa upole, "Vizuri sana, baba. Basi tutapima kila mara, tuone mnavyokubaliana."

Yaani mtu ameshinda kesi, halafu anarudishwa rumande.

7. Kuhusu kupotea kwa geji.

Kesho yake, tarehe kumi, geji haikuonekana. Imetafutwa kwenye masanduku ya vifaa, kwenye trela, chini ya magurudumu, chini ya Zulma. Haipo. Na katika nyumba yenye watu watatu na mbwa mmoja, macho yote yamenigeukia mimi. Mimi, niliyewatengenezea watu hawa mkate wa asubuhi. Mimi, niliyeshinda mtihani na sina sababu yoyote duniani ya kukihitaji kidude hicho. Naliona hili kuwa tusi, na nimekataa kupekuliwa mifuko.

La kushangaza ni kwamba Jorinde hajanunua nyingine. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Itajitokeza." Lakini wakati huo huo jina la Wannes limepelekwa kwako kwa ajili ya kitambaa cha mkononi, kile ambacho bila hicho fundi haruhusiwi kuingia uwanja wa kubadilishia baiskeli. Mashindano ya kwanza ni Jumapili hii, hapa hapa kijijini. Kitambaa unakitoa wewe, na unakisaini wewe. Ndiyo maana barua hii inakuja buchani na si kwa padri.

Kabla ya kuingia kwenye maombi, natangulia kujibu jambo ambalo najua utalileta, kwa sababu hulileta kila ukinywa ya tatu: anguko la Jorinde Jumapili ile baada ya Krismasi, pale kwenye mteremko wa ubavuni mwa kilima nyuma ya shule ya masista, alipoteleza gurudumu la mbele, akagonga nguzo, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Niliapa siku ile mbele ya watu wote kwenye hema la bia, na naapa tena leo kwa maandishi: ule ulikuwa mteremko. Mteremko ulikuwa mkali, mkulima alikuwa ametoka kumwaga samadi, na nguzo ilikuwa mahali isipopaswa kuwa. Upepo haukuhusika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo naona ni madogo:

(a) Klabu iichukue geji yake (ikipatikana) na impe Jorinde paja lake, pamoja na riba ya miezi saba, ambayo inaweza kulipwa kwa soseji.

(b) Kifaa chochote chenye betri kisiruhusiwe ndani ya mita mia moja kutoka uwanja wa kubadilishia baiskeli. Kifaa cha kusikia cha mweka hazina tunaweza kukijadili.

(c) Kidole gumba changu kiandikwe kwenye daftari la klabu kama chombo rasmi cha kupimia upepo, kipewe namba ya uanachama, na kikatiwe bima.

(d) Picha ya kidole hicho ichapishwe kwenye jezi za klabu, mgongoni, mahali penye jina la bucha lako, ambalo linaweza kuhamia chini kidogo.

(e) Siku ya Jumapili, kabla ya mbio za wanawake, uwanja mzima usimame kimya dakika moja wakati nabonyeza.

(f) Kitambaa cha mkononi kitolewe kwa jina langu.

Yasipotimizwa haya, nitahamia klabu ya Zwaluwhoek na kidole changu chote. Najua hao ni watu ambao supu yao ya njegere ni ya kopo na mashindano yao yana matope ya kununuliwa. Lakini hawajawahi kumdhalilisha mwokaji mikate.

Nisalimie mkeo Marie-Paule na umwambie ule mkate wa zabibu nitamletea Alhamisi kama kawaida, ugomvi huu haumhusu. Nisalimie mweka hazina, kwa sauti kubwa. Nisalimie kamati nzima, wapiga filimbi, wapangaji wa mbao za kuruka, yule mama wa tiketi mwenye mafua ya kudumu, na huyo mlevi wa kikaango ambaye sijamsamehe. Rosanne anakusalimu. Zulma anakusalimu na anauliza kama bado hujaoa vizuri. Mbwa hana neno.

Ni mimi niliyesimama na klabu hii katika matope ya kila namna,

Odiel Vansteenhuyse
Mwokaji mikate mstaafu, mwanachama namba 14

Nyongeza: Gentiel, bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ilivyokunjamana.

Geji iko kwenye mfuko wa kushoto wa koti langu la mvua. Imekuwa humo tangu tarehe kumi. Siku ile ya mtihani sikuwa nikifagia. Nilipima magurudumu yote matano nikakariri namba, nami nina kichwa kizuri cha namba, nilikuwa nikikumbuka oda za mikate ya kijiji kizima.

Kidole hakisikii, Gentiel. Tangu usiku wa chipsi hakisikii kitu. Nikibonyeza tairi ni sawa na kubonyeza meza, ni sawa na kidole cha mtu mwingine. Daktari alisema mishipa imeungua na hairudi. Sikumwambia mtu. Msimu wote uliopita nilikuwa nikibonyeza, nanyamaza kidogo kama ninavyonyamaza, na nasema neno lolote linalokuja. Pampu yetu ya sakafuni ina kipimo chake, lakini nilikiziba kwa utepe mweusi zamani sana, kwa kiburi. Siku ile ya mtulinga, tulipotoka hospitali, nilitoa utepe nikapima gurudumu la mbele kabla sijaliosha. Mbili nukta tatu. Kwa matope yale ilitakiwa moja na nusu. Na nguzo ilikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyemwambia "nenda".

Najua alikuja kwako Januari kuiomba. Nadhani najua na sababu, na nimemshukuru moyoni kwamba hakukuambia.

Sasa sikiliza kilichonifanya nifungue bahasha. Wiki yote hii namba za geji zilikuwa zinafifia, betri ilikuwa inakufa, na mimi kuingia dukani kununua betri ya geji nisingeweza, ningeonwa. Leo baada ya kusaini hapo juu nimetia mkono mfukoni, nimeikuta inawaka vizuri kabisa. Betri ni mpya. Na mgongoni imebandikwa kipande cha plasta ya jeraha, chenye mwandiko wa Jorinde: "Mbele 1.5, nyuma 1.6. Jumapili saa nne asubuhi. Usichelewe, baba."

Kwa hiyo yafute yote, kuanzia (a) mpaka (e). Paja uza. Ninachoomba ni agizo. Andika kwamba kuanzia msimu huu kamati inalazimisha kila fundi atumie geji, bila kujali umri wala sifa zake, lipige muhuri, na Jumapili ulisome kwa sauti mbele ya watu wote. Mimi nitapiga kelele, nitasema mnaua mchezo, uniache niseme dakika mbili hivi. Halafu nitatii.

Na jina langu kwenye kitambaa uliandike kwa herufi kubwa, Gentiel, kubwa kabisa. Anapofika pale macho yake yanakuwa yamejaa matope.